Shoka la Shengena, tope la Bangalala

*Wakulima wa Upare Kusini wana utaratibu wa kugawana maji ambao mataifa mengi yangeutamani. Lakini utaratibu huo unaishia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kijitoni. Huko juu, msitu unaoyatoa maji hayo unakatwa na watu wengine, na gharama yake inazolewa kwa koleo na walio bondeni.*

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kufunga ndiva huko Bangalala, kijiji kilichokaa kwenye mteremko wa magharibi wa milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Tundu la kutolea maji linazibwa, na mfereji unaoshuka kutoka Vudee, kijiji kilicho juu yake, unaachwa umwage usiku kucha ndani ya ndiva, yaani bwawa dogo lenye kingo za mawe na saruji. Kukipambazuka tundu linazibuliwa. Maji yanaingia mfereji mkuu, na mwenye zamu yuko tayari shambani, suruali imekunjwa magotini, jembe mkononi, akiyawahi yafike mwisho wa mahindi yake kabla hayajaisha nguvu.

Ndiva ikikauka, chini hubaki tope. Karibu na mahali mfereji unapoingilia ni mchanga wa chenga, mzito, ule ambao maji yakipunguza mwendo huuangusha wa kwanza. Kuelekea tunduni ni utelezi mwembamba mwekundu unaong'ang'ania nyayo. Kila ndoo ya tope imechukua nafasi ya ndoo ya maji. Likizidi hupigwa msaragambo: kila kaya yenye haki ya maji hutoa mtu, na watu huingia ndani na majembe, makoleo na makarai, wakalizoa.

Mchanga ule haukuzaliwa ndani ya ndiva. Umeshuka na maji kutoka mashamba ya miteremkoni, kingo za vijito, njia za mifugo, na sehemu za msitu zilizobaki wazi baada ya miti mikubwa kuangushwa. Makala haya yanaufuata mchanga huo kupanda nao mlima, kwa sababu hesabu ya maji ya Same haiwezi kufungwa kwa kuangalia bomba na mfereji peke yake.

Mlima wenye mvua, mji wenye kiu

Msafiri wa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huijua Same kama nchi ya mkonge, migunga, mibuyu na vumbi. Kuanzia Hedaru, kupitia Makanya, hadi Same mjini, barabara kuu inapita upande ambao mvua imeupa kisogo. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupanda mlima kwa mashariki, zikapoa, zikamwaga mzigo wake huko juu, kisha zikateremka upande wa pili zikiwa kavu. Nyanda za chini mara nyingi hazifikishi milimita 600 za mvua kwa mwaka. Vijiji vya juu hupata mara mbili yake na zaidi, na kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,463, hushinda ndani ya wingu siku nyingi za mwaka.

Kuzunguka kilele hicho ndipo ulipo msitu wa Chome. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliutenga kuwa hifadhi mwaka 1951, na mwaka 2013 ukapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye makazi yake duniani ni misitu ya milima hii ya Upare Kusini. Msitu ukiisha, hana pa kuhamia.

> Hekta 14,283: eneo la Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Zaidi ya vijiji 20 vinapakana nayo, na maji yake yanashuka pande zote mbili za mlima.

Kwa upande wa mashariki, Yongoma na Hingilili hushuka kuelekea Ndungu na Gonja Maore, kisha maji yake yakaingia bonde la mto Mkomazi. Skimu ya mpunga ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990 ikiwa na hekta 680, inanyweshwa na Yongoma. Kwa upande wa magharibi, vijito vya Vudee, Mwembe na majirani zao hukusanyika katika bonde la Makanya, bonde lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300, linaloelekea mto Pangani. Bonde la Pangani ndilo lenye mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Kwa hiyo tone linalodondoka kwenye jani la Shengena lina wateja wengi wanaolisubiri.

Mji wa Same wenyewe umeishi na kiu kwa miongo. Mradi mkubwa wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliochukua zaidi ya miaka kumi, ulizinduliwa Machi 2025. Maji yake yanavutwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo hujazwa na mito Kikuletwa na Ruvu inayotoka Meru na Kilimanjaro. Ni faraja kubwa kwa mama aliyekuwa akinunua dumu kwa mkokoteni, na hakuna wa kuibeza. Lakini jambo moja lisisahaulike: mji uliokaa chini ya mlima wake umelazimika kuvuta maji ya milima ya jirani, na vijiji vingi vya miteremkoni havimo kwenye bomba hilo. Vyenyewe vinabaki na chemchemi, vijito na ndiva.

Kazi ya jani lililooza

Mvua kubwa ikiupiga msitu mnene haifiki ardhini kwa hasira. Hupokewa na matawi ya juu, ikachuruzika kwenye mashina yaliyovikwa kuvumwani na kangaga, ikatua juu ya majani yaliyooza. Chini ya majani hayo udongo ni laini kama godoro, umetobolewa na mizizi, minyoo na wadudu. Maji hupenya humo na kushuka polepole hadi kwenye mwamba, kisha hutokeza chini mlimani kama chemchemi, wiki au miezi kadhaa baadaye. Kwenye msitu wa mawingu kuna nyongeza: hata siku isiyo na mvua, ukungu hugandamana na majani na kuvumwani, ukageuka matone yanayodondoka chini.

Ondoa mti mkubwa, buruta gogo lake, washa moto wa kambi, acha ng'ombe wapite penye uwazi. Matone sasa yanapiga udongo moja kwa moja. Vumbi laini linaziba vitundu, uso unakuwa mgumu, na maji yasiyopata pa kuingilia yanatafuta njia ya mkato kuelekea bondeni, yakibeba udongo. Kijito kinafurika saa chache baada ya mvua, na ukifika ukame kinakuwa uzi.

Hapa pana ubishi wa kitaalamu ambao wahifadhi wengi huuruka, nao haufai kurukwa. Mti nao hunywa maji. Mtaalamu wa haidrolojia L. A. Bruijnzeel, katika mapitio yake ya mwaka 2004 kuhusu misitu ya kitropiki, alionyesha kwamba kukata msitu mara nyingi huongeza jumla ya maji yanayopita mtoni kwa mwaka, kwa kuwa wanywaji wamepungua. Kinachotokea wakati wa kiangazi hutegemea hali ya udongo baada ya kukata. Udongo ukibaki na uwezo wa kufyonza, maji ya kiangazi yanaweza hata kuongezeka. Ukiharibika na kugandamana, yanaporomoka. Misitu ya mawingu nayo ina hesabu yake, kwa sababu ya yale maji ya ukungu.

Kwa hiyo anayesema kila mti ni kisima anakosea, na mikaratusi iliyopandwa kandokando ya chemchemi ni ushahidi ambao wazee wengi wa vijijini wanao tayari. Lakini mkulima wa Bangalala halimi kwa jumla ya mwaka. Maji anayoyahitaji ni ya Agosti, yaliyo safi, yanayotiririka usiku kucha. Maji ya aina hiyo yanatokana na udongo uliopumzika chini ya msitu, na udongo huo ndio unaoharibiwa gogo linapoburutwa.

Mvua moja, mafunzo mawili

Bahati njema, bonde la Makanya limewahi kupimwa. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uholanzi, akiwemo Marloes Mul, waliweka vipimo vya mvua na vya kina cha mito. Machi 1, 2006 zikanyesha zaidi ya milimita 100 kwa saa tatu katika sehemu moja ya bonde. Ni mvua ambayo nyanda za Same huweza kuisubiri kwa miezi. Gharika ilishuka makorongo, ikabeba mchanga na mawe hadi chini.

Hilo ni funzo la kwanza, na kila mtu wa Makanya analijua bila kuambiwa na mtafiti. La pili ndilo lililonishika zaidi. Kabla ya mvua ile, mkondo mmoja uliokuwa ukipimwa ulikuwa na maji ya kawaida ya lita 15 kwa sekunde. Baada ya gharika kupita, maji hayo ya kawaida yalipanda hadi lita 75, na yakaendelea kuwa juu kwa muda mrefu. Mlima ulikuwa umeweka akiba. Sehemu ya mvua ile, badala ya kukimbia, ilipenya ardhini na kuanza kutolewa kidogo kidogo.

> Kutoka lita 15 hadi lita 75 kwa sekunde: hivyo ndivyo mkondo mmoja wa bonde la Makanya ulivyojaa baada ya mvua ya Machi 1, 2006. Kwa siku nzima, ni tofauti ya lita zaidi ya milioni 5.

Namba hizo mbili zinaeleza kinachogombewa vizuri kuliko hotuba. Mvua ileile ilitoa gharika na ikatoa akiba. Mgawanyo kati ya viwili hivyo huamuliwa na hali ya ardhi inapoangukia, na hali hiyo iko mikononi mwa watu.

Upande wa pili wa mlima unakumbuka msiba. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na kufukia nyumba watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Si haki kusimama juu ya makaburi yao na kuutupia lawama msumeno. Miteremko ile ni mikali, mvua ile ilikuwa kubwa, na maporomoko hutokea hata penye msitu. Lakini mizizi mikubwa hushikilia udongo wa mteremko, na wanaoishi chini ya miteremko iliyovuliwa miti wana haki ya kuuliza juu yake kumebaki nini.

Harufu ya mkulo

Mti unaotafutwa zaidi Shengena ni mkulo. Ni mti wa karafuu maiti, unaofikia mita 35 na zaidi, ubao wake mwepesi kufanyia kazi, wenye harufu inayowafukuza wadudu. Kabati la mkulo hurithishwa. Mafundi seremala wa Same, Moshi na kwingineko wanaujua kwa pua kabla ya kwa macho.

Uzuri huo ndio uliouponza. Mkulo hauzaliani kwa urahisi kwa mbegu: nyingi huharibiwa na wadudu kabla hazijaota. Kwa kawaida huchipua kutoka kwenye mizizi na visiki. Kisiki kilichokatwa karibuni hubaki na maganda yenye harufu kali, na mvua zikija machipukizi hujitokeza kukizunguka, yenye majani mekundu kidogo nchani. Yakipata mwanga na nafasi yatakua, lakini itachukua vizazi vya binadamu kufikia unene wa baba yao. Yakisongwa na vichaka vinavyovamia uwazi, au yakiliwa na kukanyagwa, uwazi unabaki uwazi.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa msumeno wa mikono miwili. Huchimbwa shimo, gogo likalazwa juu yake, mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakapasua mbao mojamoja huku unga wa mbao ukimwangukia yule wa chini. Ni kazi ya mabega na mapafu. Siku hizi msumeno wa mnyororo umeifupisha: unaangusha kwa dakika kilichochukua nusu siku. Mbao hazishuki kwa gari, kwani gari halifiki. Zinashuka juu ya vichwa na mabega ya vijana, kwa vijia vya usiku, hadi penye bodaboda au lori.

Taarifa za wachunguzi wa misitu ya Tao la Mashariki zilirudia jambo lilelile kuhusu Chome: visiki vya mkulo na mashimo ya kupasulia ndani kabisa ya msitu. Kupandishwa hadhi mwaka 2013 kuliongeza ulinzi, lakini ubao wenye bei nzuri hauondolewi sokoni kwa tangazo la serikali.

Nani anafaidi? Kijana aliyebeba ubao hupata ujira wa kumaliza wiki. Mpasuaji hupata zaidi kidogo, na ndiye anayekamatwa. Mnunuzi wa mjini, ambaye hajawahi kukanyaga Chome, ndiye anayebaki na faida, na jina lake halimo kwenye jalada lolote la kesi. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu kila operesheni dhidi ya wavuna magogo huishia kutuonyesha picha ya vijana wamechuchumaa kando ya mbao, na haionyeshi picha ya ghala zilipokuwa zinakwenda.

Tusiibebeshe misumeno mizigo yote

Msomaji anayeijua Upare atakuwa amekwisha kuuliza: je, mchanga wote huu ni wa wapasua mbao? Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya ndiva hupita kwanza katikati ya mashamba. Upande wa pili wa mlima nako, Mamba na Miamba zimejaa tangawizi, zao lililowapa watu nyumba za bati na ada za shule. Tangawizi hupenda maji na udongo uliolainishwa, na kuivuna ni kuufukua udongo wote. Kwenye mteremko usio na matuta wala majani ya kufunikia, mvua ya vuli hukuta ardhi imeandaliwa kwa ajili ya kuondoka.

Watu nao wameongezeka. Wilaya ilikuwa na wakazi takriban 270,000 katika sensa ya 2012, na takriban 300,000 katika ile ya 2022. Kijana anayerithi robo eka ya baba yake hana pa kwenda ila juu, kuelekea mpaka wa hifadhi, au chini kwenye ukame.

Historia nayo ina la kusema. Upare Kaskazini, ambako Washana walifua chuma kwa karne nyingi wakitumia makaa ya miti, wanaakiolojia waliochimba tabaka za udongo bondeni wamekuta mmomonyoko wa kale, tangu zamani sana kabla ya Mjerumani kufika. Milima hii haijawahi kuwa bustani isiyoguswa.

Lakini palikuwa na breki. Koo za Wapare zilikuwa na mpungi, msitu wa matambiko ya ukoo, na mshitu, ambako vijana waliingizwa jandoni. Hakuna aliyethubutu kuokota hata kuni humo, na mingi ya misitu hiyo ilikaa penye vyanzo vya maji au juu yake. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyechunguza Upare Kaskazini, ameeleza jinsi mambo yalivyolegea baada ya uhuru: utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, mamlaka juu ya misitu na mifereji yakagawanyika kati ya ofisi nyingi, na penye mamlaka mengi kila mtu akawa na mahali pa kukimbilia. Dini mpya zilikuwa zimekwisha kuiondolea mipungi hofu yake. Hakuna anayetaka kuwarudisha machifu. Ila pengo waliloliacha lilijazwa kwa karatasi, na msituni karatasi haina macho.

Kila upande na haki yake

Sheria zipo. Sheria ya Misitu ya 2002 ilifungua mlango wa usimamizi shirikishi, ili vijiji vilinde msitu pamoja na serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao yake Moshi.

Mkazi wa kijiji cha juu anapozisoma sheria hizo huona kitu kimoja: anakatazwa. Asikate mkulo, asilime mita 60, asilishe ng'ombe, asiwashe moto. Katika hifadhi ya mazingira asilia hakuna mavuno ya mbao ya kugawana, kwa hiyo ushirikishwaji wake ni kushiriki doria bila malipo ya maana. Shamba lake liko kandokando ya kijito kwa sababu babu yake alilima hapo. Mita 60 kila upande wa kijito, kwenye bonde jembamba la mlimani, zinaweza kumeza shamba lote.

Mkazi wa Bangalala naye anazoa tope ambalo hakulitengeneza. Anaamka usiku kwenda kuangalia kama maji yake hayajachepushwa huko juu. Zamu ikimfikia na ndiva ikiwa nusu, mstari wa mwisho wa mahindi hunyauka.

Makanya, chini kabisa, kuna jambo linalovuruga hadithi nyepesi ya wema na ubaya. Mto haufiki tena huko kwa mwaka mzima. Kinachofika ni mafuriko. Wakulima wa Makanya wamejifunza kuyategeshea, wakayaelekeza mashambani, na tope linalolaaniwa Bangalala wao hulipokea kama mbolea. Wamegeuza hasara ya wa juu kuwa kilimo. Lakini gharika moja ikizidi kipimo hung'oa mabanio yao ya matawi na mchanga, ikafunika mazao, na kazi inaanza upya.

TFS kwa upande wake ina mpaka mrefu, wenye miteremko na mawingu, na kazi ya kumkamata mtu anayezijua njia za humo tangu utotoni. Kuwatwisha askari wa misitu jukumu hilo peke yao ni kutaka washindwe.

Mkataba unaoishia kwenye banio

Sasa niseme ninachoamini. Upare Kusini tayari ina kitu ambacho miradi mingi ya uhifadhi hutumia mamilioni kukitengeneza na hushindwa: watu wa juu na wa chini waliozoea kukaa pamoja na kupatana. Vudee na Bangalala wana makubaliano ya miongo mingi, kwamba mchana maji ni ya juu na usiku yanashuka chini. Ndiyo maana ndiva ipo. Kuna wagawa maji, kuna faini, kuna msaragambo. Anayekosa msaragambo huikosa zamu.

Makubaliano hayo yanazungumzia kila kitu kuanzia banio kushuka. Juu ya banio hakuna kifungu. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kukagua kijito hadi chemchemi yake. Kaya za juu zinazoacha mita kadhaa za shamba kwa ajili ya kingo hazilipwi chochote na kaya za chini zinazofaidi. Mpasua mbao akipita na ubao wa mkulo, anavuka ardhi ya watu wanaojua fika nini kimetokea, lakini si kazi ya yeyote kati yao.

> Mkataba wa Vudee na Bangalala unazungumzia kila kitu kuanzia banio kushuka. Juu ya banio hakuna kifungu.

Wazo la walio chini kuwalipa walio juu limejaribiwa kwingineko. Katika milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu, penye vyanzo vya mto Ruvu mwingine, si ule unaojaza Nyumba ya Mungu, walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na miongoni mwa walipaji walikuwa DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, waliokuwa wakiyatumia maji hayo Dar es Salaam. Kenya, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulizinduliwa mwaka 2015 kwa hoja hiyohiyo: ni nafuu kumsaidia mkulima wa juu abakize udongo wake kuliko kuusafisha kwenye mitambo ya jiji. Mipango hiyo ina udhaifu wake, na ule wa Uluguru ulionyesha jinsi ilivyo vigumu kumshikilia mlipaji baada ya fedha za wafadhili kwisha. Ila Upare ina kitu ambacho Dar es Salaam haikuwa nacho: mlipaji na mlipwaji wanaonana sokoni, na mara nyingi ni shemeji.

Malipo si lazima yawe fedha. Yanaweza kuwa nguvukazi: kaya za Bangalala zipande mara moja kwa msimu kwenda kuchimba matuta na kupanda majani ya malisho kwenye kingo za Vudee, siku ambazo zingetumika kuzoa tope. Yanaweza kuwa miche ya mgrivea kwenye mipaka ya mashamba, ili mbao na kuni zipatikane nje ya hifadhi na fundi seremala asiwe na kisingizio. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hukusanya ada kwa watumiaji wenye vibali. Sehemu ya ada hiyo ipande mlima, kwa kiasi kinachotangazwa na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Doria ya vijiji ilipwe kutoka humo. Na jumuiya ya watumia maji ya chini iwe na mjumbe anayeketi na TFS hifadhi inapopanga ulinzi wake, akiwa na haki ya kuuliza mbao zilizokamatwa zilikuwa zinapelekwa kwa nani.

Ugumu upo, tena mkubwa. Watu wa juu wataogopa kwamba wa chini wakianza kuchangia wataanza kuamuru. Hofu hiyo ina msingi: wenye mashamba makubwa na vibali vya maji wana sauti kuliko bibi mwenye robo eka ya maharage kando ya kijito. Kwa hiyo mazungumzo yaanze na yeye. Apimiwe hatua kwa hatua hizo mita anazotakiwa kuziacha, ihesabiwe ni debe ngapi za maharage atakosa kila msimu, na walio chini waseme, mbele yake, watazifidia vipi. Kabla ya jibu hilo kupatikana, hakuna ofisa anayepaswa kupanda Vudee na kigingi cha mpaka.